Kabla ya Kugawa, Uliza: Kati ya Nani?

Mwanafunzi mmoja wa takwimu ameniandikia: "Mwalimu, kwenye data ya vyandarua mimi nimepata asilimia 80, mwenzangu 22.9, mwingine 16. Data ni ile ile. Nani kakosea?"

Hakuna aliyekosea kugawa. Kila mmoja amejibu swali lake, na hakuna aliyeliandika.

Tutumie namba za mfano. Kaya zenye chandarua zina watu 400. Watoto chini ya miaka 5 ni 80, na 64 kati yao walilala ndani ya chandarua usiku uliotangulia usaili. Katika wale 320 wengine, waliolala ndani ni 216. Chora jedwali, umri kwenye safu mlalo, kulala kwenye safu wima, na jumla pembeni na chini. Bila jumla hizo usiguse kikokotoo.

Sasa itazame 64. Igawe kwa 80: uwezekano wa kulala ndani, ikiwa ni mtoto, ni asilimia 80. Igawe kwa 280, yaani wote waliolala ndani: uwezekano wa kuwa mtoto, ikiwa alilala ndani, ni 22.9. Igawe kwa 400: uwezekano wa yote mawili kwa pamoja ni 16. Kiasi (namba inayogawanywa) ni kimoja, asili (namba unayogawia) ni tatu.

Dawa yake ni kuandika swali kwa sentensi kamili kabla ya kugawa. Kinachofuata "kati ya" ndicho asili. "Kati ya watoto, wangapi walilala ndani?" Basi asili ni watoto, hata kama programu imekupa asilimia ya safu nyingine. Kisha linganisha na asilimia ya watu wote: 280 kwa 400 ni 70. Kwa watoto ni asilimia 80, kwa hiyo katika sampuli hii umri na kulala ndani vinahusiana.

Wengi huumia kwenye nafasi tupu. Dodoso likiruka kaya isiyo na chandarua, jibu hubaki tupu. Tupu si "hapana". Tuseme kaya hizo zina watoto 20. Ukiwahesabu, asili inakuwa 100 na jibu linashuka hadi asilimia 64. Hilo ni jibu halali la swali la watoto wote, ila si la watoto wenye chandarua nyumbani. "Sijui" nayo iamulie mapema, na uandike ulichoamua.

Halafu uzito wa sampuli, yaani namba inayorekebisha mchango wa kila mtu ili sampuli ifanane na idadi halisi ya watu; naomba sana usiuruke. Tafiti za DHS (tafiti za kitaifa za idadi ya watu na afya) Tanzania huchukua kaya nyingi Zanzibar kuliko sehemu yake katika idadi ya watu, ili ipate makadirio yake. Tuseme kati ya wale 80, Zanzibar ni 30 (28 walilala ndani), kila mmoja uzito 0.2; Bara ni 50 (36 walilala ndani), uzito 1.48. Jumlisha uzito, si vichwa: kiasi ni 5.6 + 53.28 = 58.88; asili ni 6 + 74 = 80. Jibu ni 73.6, si 80. Kwenye faili la DHS la watu wa kaya, safu ya uzito inaitwa hv005. Ugawe kwanza kwa 1,000,000. Kwenye Excel, tumia SUMIFS (hujumlisha uzito) badala ya COUNTIFS (huhesabu vichwa).

Ila idadi ya vichwa usiitupe. Ripoti za DHS huweka asilimia kwenye mabano asili isiyo na uzito ikiwa 25 hadi 49, na chini ya 25 huificha kwa nyota. Nawe fanya hivyo hivyo.