Ukifika langoni, usifiche lafudhi

Mwaka wangu wa pili Nairobi, Jumapili moja, niliamka alfajiri nikachoma mandazi, nikajaza chai kwenye chupa, nikawavisha watoto wawili viatu vya kanisani, tukapanda matatu mbili kutoka Kayole kwenda kuona msitu. Msitu wenyewe sitautaja. Njia nzima nilikuwa nimepanga kunyamaza: nitaonyesha vidole vitatu, nilipe, tupite. Mlinzi akauliza, "Mko wangapi?" Mdomo ukanitoroka, nikajibu kwa Kiswahili cha kwetu Bukavu, mashariki mwa Kongo: "Tuko batatu."

Akainua kichwa. "Kumbe wewe si wa hapa. Leta kitambulisho." Nikampa kadi yangu ya mkimbizi. Akaigeuza mbele, akaigeuza nyuma, akaikwaruza kwa ukucha kana kwamba picha yangu ingebanduka. "Wa nje analipa bei ya watalii." Watu waliokuwa nyuma yangu wakaanza kuguna. Mtoto wangu wa mwisho akanivuta kitenge: "Mama, sisi ni watalii?" Tulirudi stejini, tukala mandazi kando ya barabara, na kwa karibu mwaka mzima sikuwapeleka watoto popote penye nyasi.

Mlinzi alikosea, lakini ukimya wangu ulimsaidia. Anayeficha atokako, siku akigundulika huonekana kama mwizi. Siku hizi naanza mimi: "Habari ya asubuhi, kaka. Mimi ni Mkongo, naishi Kayole, kadi yangu hii hapa. Bei yangu ni ipi?" Mazungumzo yanakuwa ya bei. Bado nasumbuliwa mara mojamoja, ila sitetemeki tena.

Hiyo bei nayo iulizie kabla hujatoka nyumbani. Mbuga za taifa zina viwango vyake: wa Afrika Mashariki halipi sawa na mgeni aliyeshuka ndege jana. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, Somalia 2024, Sudan Kusini 2016, na Burundi tangu 2007. Lakini kuna walinzi ambao Jumuiya yao bado ina nchi tatu tu. Usipandishe sauti. Omba uonyeshwe bango la bei, likikosekana omba msimamizi, na usisogee pembeni mpaka aje, ukishasogea umesahaulika. Beba kadi yenyewe, si nakala, na angalia muda wake haujaisha.

Kama moyo wa kukabili lango bado huna, anzia bustani ya Jeevanjee. Najua, si msitu: ni nyasi na miti katikati ya jiji, na wahubiri wanapaza sauti saa ya chakula cha mchana. Ila hakuna tiketi. Halafu bustani hiyo waliipata watu wa Nairobi mwaka 1906 kwa mkono wa mhamiaji, A. M. Jeevanjee, mzaliwa wa Karachi. Watoto wangu nimewasimulia hilo mpaka wamechoka.

Usimburute mtu, lakini. Nina rafiki Msomali wa Eastleigh ambaye nilimsihi miezi mingi twende tukatazame mechi uwanja wa Kasarani, naye kila mara ana udhuru. Nilichelewa kuelewa. Aprili 2014 polisi waliwakamata watu kwa maelfu, wengi wao Wasomali, na uwanja huo ndio uliotumika kuwazuilia. Mimi naona kiwanja cha mpira, yeye haoni hicho. Nikaacha kumchagulia. Sasa anasema yeye mahali na siku: Arboretum, ile bustani ya miti ya Nairobi, katikati ya wiki, tukiwa wanawake watano, na ni yeye anayetangulia mbele na baibui lake linapepea.

Kwenda na kundi ndiko kulikonisaidia kuliko yote. Nilijiunga na akina mama wa kanisani wanaopanda vilima vya Ngong Jumamosi. Mara ya kwanza, kwenye kilima cha pili, pumzi ziliniishia, mmoja akageuka akaniambia, "Dada, maji unayo?" akanikabidhi chupa yake, hata jina langu hakuwa analijua. Walinizoea. Walizidi hata kunizoea: kila tukipumzika wananiomba niwaimbie Lingala. Mimi wa Bukavu! Kilingala nakijua kama wao wanavyokijua, kwa redio. Niliwaambia hivyo, tukacheka, na wiki iliyofuata wakaniomba tena.

Nenda mapema, kabla ya saa tatu asubuhi, foleni ikiwa fupi na walinzi hawajachoka. Na mandazi yafunge kwenye kitambaa, maji yatie kwenye chupa ya kudumu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017, na tangu 2020 hata chupa za kutupa haziruhusiwi mbugani wala msituni, kwa hiyo kikapu chako kitafunuliwa pale langoni, na cha Mkenya aliye nyuma yako pia.