Moto upi uandikwe, upi uachwe? Uzoefu wangu wa Mufindi

Mkuu mtoa mada, umesema unatengeneza orodha ya mioto ya misitu Nyanda za Juu Kusini na unataka kujua uanzie ekari ngapi. Mimi nilishika daftari la moto la kamati ya maliasili ya kijiji kwa miaka sita huku Mufindi, mkoani Iringa, na nina kijishamba cha paini pia. Ukianza na ekari, utawaacha nje walioumia zaidi.

Mwaka mmoja, mwezi wa tisa, tulipata mioto miwili ndani ya wiki moja. Wa kwanza ulipanda mlima wa nyasi siku tatu. Usiku ungedhani kuna mji kule juu, abiria wa mabasi wanapiga picha. Mvua zilipoanza mlima ukarudi kijani, ng'ombe wakarudi malishoni. Wa pili ulitoka kwenye kinyungu, mtu anasafisha bonde apande mboga. Ukaruka kijito, ukaingia kwenye paini za miaka 11 za mama mmoja mjane, ekari sita hivi. Kabla ya jioni ulikuwa umekwisha. Paini iliyoungua haikusubiri, ukichelewa kuipasua mbao zinaingia bluu, yaani madoa ya ukungu, na mnunuzi anajua huna pa kwenda. Mama aliuza kwa bei ya kutupa. Nikilifungua daftari leo, moto wa mlima una ukurasa mzima. Wa yule mama una mstari mmoja na nusu, na mwandiko ni wangu.

Marekani moto huhesabiwa mkubwa ukifikia ekari 100 kwenye miti, au 300 kwenye nyasi na vichaka. Kutenganisha miti na nyasi nakubaliana nako kabisa. Ila kipimo chenyewe ukikileta kwetu, ambako mtu ana ekari mbili na jirani yake tatu, moto wa ekari 40 unaweza kufilisi kaya kumi na usionekane kwenye orodha yako. Kwa hiyo mimi ningeuliza kwanza umekula nini: miti ya kupandwa, chanzo cha maji, nyumba, mizinga ya nyuki, msitu wa asili. Nyasi zinazoungua kila kiangazi ziandike kwa mstari mmoja, basi. Mtu akifariki, hata kama ni robo ekari, unaingia bila mjadala.

Kuhusu zile nukta nyekundu za setilaiti ulizoweka kwenye mada yako kuonyesha moto, ni msaada lakini usizijumlishe ukasema ndiyo eneo lililoungua. Kifaa cha VIIRS, kilichofungwa kwenye setilaiti, kinaona vipande vya mita 375 kwa 375, yaani karibu ekari 35. Nukta inakuambia ndani ya kipande hicho kulikuwa na joto kali wakati setilaiti inapita, haisemi kipande chote kimeungua. Anayechoma mabua shambani naye anaweza kupata nukta yake. Na moto uliowaka ukazimwa kati ya mapito mawili, au uliofunikwa na wingu, hauna nukta.

Macho nayo ni waongo wakubwa. Kuna moto niliuandika ekari 40, nikiwa nimechoka na moshi umejaa kifuani. Kesho yake tukazunguka ukingo wake na simu yenye GPS, zikatoka 17. Tangu hapo nikawa naandika "makadirio" au "imepimwa" pembeni ya kila namba. Weka hiyo safu, utanishukuru.

Jambo jingine ni kuhesabu mara mbili. Chini ya paini kuna godoro la majani makavu, na moto unaweza kulala humo kimya. Tulizima Jumamosi kwa matawi mabichi, watu wakaenda kulala, Jumatatu ukafufuka hatua chache tu kutoka pale pale. Mtendaji aliripoti mioto miwili. Mimi niliandika mmoja, siku tatu.

Mwisho ni jina, na hapa jiandae kwa siasa. Hakuna kijiji kinachotaka moto uitwe kwa jina lake, kwa sababu swali linalofuata ni nani aliwasha. Nilishafuatwa nyumbani usiku na mwenyekiti wa kitongoji akitaka nifute. Tukamaliza kwa kuupa jina la kijito ulichoruka, maana kijito hakina mwenyekiti.