"Kutwa mara tatu" haitoshi: kwa anayeanza kazi kwenye dirisha la dawa

Maneno utakayoyasema kuliko yote ukianza kugawa dawa ni "kimoja kutwa mara tatu". Shida ni kwamba kutwa ni mchana. Mgonjwa msikivu atameza asubuhi, adhuhuri na jioni jua linapozama, kisha akae nusu siku bila dozi. Kwa kidonge cha kutuliza maumivu hilo halina neno. Kwa amoksisilini, inayotoka mwilini ndani ya muda mfupi, bakteria wamepewa usiku mzima wa kupumua. Taja saa zenyewe: kumi na mbili asubuhi, nane mchana, nne usiku. Ziandike kwenye bahasha, maana 1x3, kifupi cha kimoja mara tatu kwa siku, yupo anayeisoma kuwa kimoja kwa siku tatu.

Mtego mwingine uko kwenye lugha yetu. Ukimwambia mtu "meza tena baada ya saa nane", anaweza kusubiri mpaka saa nane ifike. Walimu wa Kiswahili hawalipendi neno "masaa", lakini dirishani linaokoa: "baada ya masaa manane, yaani saa tano usiku." Utalihitaji sana kwenye dawa mseto ya malaria, artemetha na lumefantrini. Dozi ya pili humezwa masaa 8 baada ya ya kwanza, ya tatu masaa 24 baada ya hiyo hiyo ya kwanza, kisha kila masaa 12 hadi zitimie sita. Usimwachie mgonjwa hesabu hiyo akaifanye nyumbani akiwa na homa. Mwambie pia ale kitu chenye mafuta au anywe maziwa, kwa kuwa lumefantrini haifyonzwi vizuri tumbo likiwa tupu. Siprofloksasini ni kinyume: maziwa, vidonge vya madini chuma na dawa za kiungulia huishika tumboni isiingie kwenye damu.

Sasa maudhi na madhara. Usiyachanganye. Maudhi husumbua tu, na mgonjwa asipoambiwa mapema huiacha dawa kimya kimya. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hugeuza mkojo, jasho na machozi kuwa rangi ya chungwa. Metformini ya kisukari huharisha wiki za mwanzo, na hutulia zaidi ikimezwa pamoja na chakula. Enalaprili ya presha huweza kuleta kikohozi kikavu kisichosikia dawa yoyote ya kifua; anayerudi kununua chupa ya pili ya dawa ya kikohozi muulize kama anatumia vidonge vya presha, umrudishe kwa daktari abadilishiwe.

Madhara ni ya kukimbilia hospitali: uso au midomo kuvimba, pumzi kubana, macho kuwa ya njano, vipele vinavyotoa malengelenge pamoja na vidonda mdomoni. Hayo ya mwisho yakumbuke kila unapotoa ko-trimoksazoli, nevirapini au kabamazepini.

Ipo dalili moja yenye sura mbili, nayo ni choo cheusi. Kwa mama mjamzito anayemeza madini chuma ni jambo la kawaida. Kwa anayetumia dawa za maumivu diklofenaki au ibuprofeni, choo cheusi kinachonata kama lami na kunuka vibaya kinaweza kuwa damu ya tumboni. Anayemeza vyote viwili asijiamulie mwenyewe. Aonwe na daktari. Na usimpe mtu diklofenaki na ibuprofeni kwa pamoja: ni ndugu, na huongezeana madhara kuliko nafuu.

Parasetamoli inadharauliwa. Mtu mzima mwenye afya asizidishe gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na hapo zihesabiwe dawa za mafua, kwani nyingi zinayo ndani. Aliyezidisha anaweza kujisikia salama siku ya kwanza huku ini likiharibika. Kwa mtoto pima kilo: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, dozi zisizidi nne kwa siku. Mtoto wa kilo 10 hutoshwa na mililita 5 za dawa ya maji yenye miligramu 120 kwa kila mililita 5. Chupa ikiwa ya 250, mililita hizo hizo 5 ni dozi maradufu. Soma lebo kila mara, na toa bomba la kupimia; vijiko vya nyumbani havilingani.

Dawa ya unga ya watoto ichanganywe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Weka nusu kwanza, tikisa, acha povu litulie, ndipo ujaze hadi kwenye alama, kwani povu hudanganya mstari. Kisha andika tarehe ya kumwaga kufuatana na lebo. Nyingi hudumu siku 7 hadi 14.

Kabla hujakabidhi, usiulize "unatumia dawa nyingine?" Wengi watajibu hapana, kwa sababu mitishamba na vidonge vya uzazi wa mpango hawavihesabu kuwa dawa. Uliza, "Unameza au unakunywa nini kingine?" Rifampisini hudhoofisha vidonge hivyo vya uzazi, na mwanamke asiyeulizwa atagundua akiwa tayari ni mjamzito.