Barakoa zenye dirisha la plastiki: zinafaa, ila…

Dada uliyeuliza kama ugawe barakoa za kuonyesha mdomo kwenye semina yenu ya Kirumba, Mwanza, kwa kuwa kuna wageni viziwi: gawa, lakini anza na wanaoongea. Mshereheshaji, watoa mada, wa mapokezi. Mgeni aliyekaa kimya kule nyuma akivaa ya kitambaa haina neno.

Kinachonisumbua mimi ni sauti. Watu hudhani ikionyesha mdomo basi mambo yote safi, kumbe plastiki huzima sauti kuliko barakoa ya kawaida ya hospitali, hasa zile sauti nyembamba kama s na f. Mwenye usikivu hafifu anapata midomo, anapoteza maneno. Kwa hiyo kila anayeongea ashike kipaza sauti, hata yule anayesema "mimi nasikika tu".

Halafu ukungu. Ukiongea, pumzi inalijaza dirisha la barakoa ukungu dakika chache tu. Paka tone la sabuni ya maji kwa ndani, acha likauke, futa kwa kitambaa laini. Mtoa mada asisimame dirisha la ukumbi likiwa mgongoni, mwanga wa ziwani ule unamfanya uso uwe kivuli.

Na mkalimani wa lugha ya alama bado anahitajika, tena naye avae hiyohiyo: uso na mdomo ni sehemu ya lugha yenyewe, si mikono tu. Mpate mapema kupitia CHAVITA (Chama cha Viziwi Tanzania), usingoje wiki ya semina.