Laki moja na nusu, nyumba ya Lanet: tangi na shawa kabla ya paneli

Ndugu, umesema nyumba yenu ya Lanet, hapa Nakuru, imeshaezekwa, mko wanne, mna laki moja na nusu mkononi, na unauliza muanze na sola au na tangi la maji. Waliotangulia kukujibu karibu wote wamesema sola. Mimi naishi Kiamunyi, Nakuru hii hii, hayo yote nimeyafanya kidogo kidogo kadiri pesa ilivyopatikana, na jibu langu ni tangi kwanza, halafu shawa inayokula stima. Paneli zingoje.

Tangi linatangulia kwa sababu ya watoto wako. Maji ya visima virefu huku Bonde la Ufa yana floraidi nyingi. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na viko visima vya Nakuru vinavyokipita mbali. Ndiyo yale meno ya kahawia ambayo mtu wa Nakuru hahitaji kuelezwa. Kuchemsha hakusaidii kitu: maji yanapungua kwa mvuke, floraidi inabaki sufuriani, ukali unazidi. Na meno ya ukubwani huharibika yakiwa bado ndani ya ufizi, hadi mtoto afike miaka minane hivi, kwa hiyo usisubiri uone doa ndipo uanze kutafuta fundi.

Mvua haina floraidi. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Tuseme mabati yako yamefunika mita 10 kwa 7. Mvua moja nzuri ya milimita 20, ukitoa kinachomwagika na kukauka, inakupa zaidi ya lita 1,100. Kwa hivyo tangi la lita 5,000 linajaa mapema tu masika yakishika. Watu wengi hukosea hapo wakidhani mvua itawatosha kwa kila kitu, kisha Januari tangi likikauka wanasema uvunaji wa maji ni porojo. Nyumba ya watu wanne ikitumia lita 25 kwa siku kwa kunywa na kupika peke yake, lita 5,000 zinafika siku 200. Kiangazi chote kimepita hapo. Weka bomba la maji ya mvua jikoni, na maji ya kisima yabaki ya kufua, kuoga na choo.

Usikubali fundi aunganishe gata, ule mfereji wa ukingo wa paa, moja kwa moja na tangi. Vumbi letu unalijua, na ndege pia wana yao juu ya mabati. Mwambie asimamishe bomba la inchi 4 kabla ya mdomo wa tangi, chini lifungwe kwa kifuniko cha kuzungusha. Maji ya kwanza yanayoosha paa yanaingia humo. Likijaa, yanayofuata ndiyo yanapita kwenda tangini. Mita moja ya bomba hilo inabeba lita 8 hivi, kwa hiyo kwa paa lako mita tatu si nyingi. Mimi baada ya mvua hufungua kifuniko, na kinachotoka mwanzoni ni kama chai ya maziwa, na manyoya mawili matatu yakielea. Ukishayaona hayo hutahitaji kushawishiwa. Mdomo wa tangi ufunike kwa wavu wa mbu, na ya kunywa bado uchemshe au utie klorini. Halafu msingi: lita 5,000 ni tani tano. Udongo wetu wa majivu ya volkano hulegea ukilowa, usiliweke tangi juu ya matofali yaliyopangwa tu.

Sasa stima. Watu huhangaika na taa, na taa hazina hatia. Balbu tano za LED za wati 9, zikiwaka saa tano kila usiku, hazifiki yuniti (kilowati-saa) 7 kwa mwezi. Shawa ya papo kwa papo ya kilowati 5, kila mtu akikaa chini yake dakika nane, inakula karibu yuniti 80 kwa mwezi kwa watu wanne. Tokeni zako, ile stima unayolipia kabla, zinaishia bafuni! Na tangu 2023 bei ya yuniti majumbani ina ngazi tatu, hadi 30, 31 hadi 100, na zaidi ya 100, kwa hiyo shawa peke yake inaweza kukupandisha ngazi ukalipia hata balbu kwa bei ya juu.

Pesa itakayobaki baada ya tangi, ifuate maji moto: hita ya jua juu ya paa, hata ndogo. Ikiwa haitoshi, ndoo si aibu. Lita 10 zilizopashwa kiasi cha kuogea ni robo yuniti hivi. Dakika nane za shawa ni zaidi ya nusu yuniti na lita 26 za maji. Shemeji yangu aliye Kisumu hunicheka nikianza hadithi hizi, maana kule ni joto, mtu anaoga maji baridi ya bomba bila kushtuka. Kwake yeye anayekula stima ni friji.

Jikoni kuna jambo moja la kwetu wa nyanda za juu. Nakuru iko juu ya mita 1,800, na maji huku huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, ndiyo maana githeri, yaani mahindi na maharagwe, inakumalizia gesi. Sufuria ya presha inaondoa tatizo hilo. Bila hiyo, loweka maharagwe usiku, mwaga maji hayo, yachemshe kwa nguvu nusu saa, kisha sufuria ifunikwe na kuzikwa ndani ya kikapu kilichojazwa blanketi kuukuu. Mchana yameiva. Ile nusu saa usiiruke, maharagwe mekundu yasiyochemka vizuri huumiza tumbo vibaya.

Choo kinavuja? Tia rangi ya keki kwenye tangi la choo, usivute maji kwa nusu saa. Rangi ikionekana chini bakulini, badilisha raba.

Kuna aliyeandika hapo juu kwamba stima ya Kenya ni ya mvuke wa ardhini, basi kubana matumizi ni kujitesa. Mvuke kweli ni mwingi, na mitambo yake ya Olkaria iko kaunti hii hii yetu, tangu 1981. Lakini saa za jioni, sote tukiwa bafuni na jikoni, mitambo ya mafuta nayo huwashwa.

Paneli ukizifikia, huku karibu na ikweta usisumbuliwe na mambo ya kuelekea kaskazini au kusini. Zipe mwinamo wa kutosha mvua ioshe vumbi, basi. Kwa sasa panda juu na futi kamba, upime paa. Niwekee hapa urefu, upana na upande linakoteremkia, nikupigie hesabu ya gata.