Nilipoulizwa Ninajisikiaje, Nilijibu kwa Maneno Yake

Dada mmoja aliniandikia juma lililopita kwamba mume wake hajawahi kumpiga hata kofi, na kwa hiyo anaona hana haki ya kulalamika, ila siku hizi hajui tena kama ana huzuni au hasira. Ujumbe wake niliusoma mara tatu, kwa kuwa niliishi hivyo kwa miaka 9.

Nikilia, niliambiwa ninajiliza. Nikinyamaza, nina kiburi. Nilizoea kumtazama yeye usoni kwanza ndipo nijue mimi nihisi nini, hata siku daktari wa zahanati aliponiuliza ninajisikiaje, nikamjibu, "Mume wangu anasema nimechoka tu." Aliweka kalamu mezani akasema, "Mama, nimekuuliza wewe." Nilitafuta jibu, sikulipata.

Mwaka huohuo tulimzika baba yangu, nami nilishinda jikoni nikihesabu sahani za msiba, macho makavu. Kiswahili kina huzuni, simanzi, majonzi, jitimai na kihoro. Mimi nilibakiwa na "nimechoka". Hadi leo inaniuma kwamba sikumlilia baba siku yake.

Habari za kuondoka kwangu, pamoja na vikao vya wazee visivyokwisha, naziacha. Mshauri nasaha ndiye aliyenieleza kwamba hali ya mtu kukosa maneno ya hisia zake ina jina, aleksithimia, alilolitunga daktari wa akili Peter Sifneos katika miaka ya 1970. Nilifarijika mno kusikia kwamba sikuzaliwa na moyo wa jiwe.

Kwa hiyo, dada yangu, acha kusubiri kofi ndipo uamini kwamba unaumizwa. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 yenyewe inautaja ukatili wa kiakili sambamba na wa kimwili inapoeleza dalili za ndoa iliyovunjika. Nunua daftari, ulifiche ukilazimika, na kila jioni uandike mwili wako ulifanya nini: taya, tumbo, mabega. Usilazimishe jina la hisia. Andika tu, na kesho uandike tena, wala usimwombe mtu yeyote athibitishe ulichoandika, kwa maana kuomba ruhusa ya kuhisi ndiko kulikotufikisha hapa.

Ukurasa wa kwanza wa daftari langu una mstari mmoja: "Koo limekaza alipopiga simu." Neno "hofu" niliongeza pembeni siku 11 baadaye, kwa kalamu ya rangi nyingine.