Maswali ya Wasomaji: Je, bingwa wa tiba radiolojia anaweza kufundishwa kutibu kiharusi?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni daktari bingwa wa radiolojia na ninajiandaa kuomba nafasi ya kusomea ubingwa bobezi wa tiba radiolojia, yaani kutibu kwa waya na mirija inayopitishwa mwilini kwa kuongozwa na picha. Baadhi ya wenzangu wanasema kwamba anayeweza kuzibua mshipa wa mguu, au kuziba mshipa unaolisha uvimbe wa kizazi, anaweza pia kutoa bonge la damu linalosababisha kiharusi kwenye ubongo, kwa kuwa waya na mirija ni ile ile. Wengine wanashikilia kwamba kazi hiyo ni ya wataalamu wa mishipa ya ubongo peke yao. Naomba ufafanuzi. – Msomaji, Mwanza

JIBU: Ndugu Daktari, wenzako wa kundi la kwanza wana hoja, lakini wameishia nusu ya njia. Kupenya kwenye mshipa wa kinena au wa mkono, kupandisha mrija hadi kwenye upinde wa aota, mshipa mkuu unaotoka moyoni, na kuuingiza katika mshipa wa shingo ni kazi ambayo bingwa wa tiba radiolojia anaielewa vizuri. Ugumu unaanzia juu ya hapo. Mishipa ya ndani ya fuvu ina kuta nyembamba, imejipindapinda, na hutoa vijitawi vidogo sana vinavyolisha sehemu za ndani kabisa za ubongo. Zaidi ya hayo, mshipa ukiwa umeziba, dawa inayofanya mishipa ionekane kwenye picha haipiti, kwa hiyo daktari hulazimika kuvusha waya ng'ambo ya bonge bila kuuona mshipa anaouingia. Ncha ya waya ikichoma ukuta mahali hapo, mgonjwa aliyeletwa kwa kuziba kwa mshipa anaanza kuvuja damu kwenye ubongo.

Waya ukishavuka, mrija mwembamba huufuata, stenti ya kunasia, yaani kiwavu kidogo cha waya, hufunguliwa ndani ya bonge na kuachwa kwa dakika chache ishike, kisha huvutwa taratibu huku damu ikinyonywa kupitia mrija mkubwa zaidi ulioko nyuma yake. Mwanafunzi anaweza kuzoea hatua hizi kwenye mifano ya silikoni na mashine za kuigiza upasuaji, na ni vema aanzie huko. Lakini uzito wa kuvuta bonge lililoganda kwa saa nyingi, na uamuzi wa kuacha baada ya majaribio kadhaa kushindikana, hujifunzwa kwa mgonjwa halisi, mwalimu akiwa amesimama kando yako.

Mikono, hata hivyo, si sehemu ninayoihofia zaidi. Ninahofia zaidi uteuzi wa mgonjwa. Mwaka 2015 yalichapishwa majaribio 5 makubwa yaliyothibitisha faida ya tiba hii, na matokeo yake yalipojumlishwa, kwa wagonjwa 1,287, ilionekana kwamba karibu 46 katika kila 100 waliotolewa bonge waliweza kujitegemea baada ya siku 90, wakati kwa waliopata matibabu ya kawaida walikuwa kati ya 26 na 27. Faida hiyo ilipatikana kwa sababu wagonjwa walichaguliwa kwa uangalifu: mshipa mkubwa ulikuwa umeziba na sehemu kubwa ya ubongo ilikuwa bado hai. Kwa hiyo anayetaka kuifanya kazi hii lazima aweze kusoma picha ya CT-Scan ya ubongo na ya mishipa yake usiku wa manane, apime ukali wa kiharusi kitandani kwa mgonjwa, na aweze kusema hapana pale ambapo ubongo umekwisha kufa.

Mwongozo wa pamoja uliotolewa mwaka 2016 na vyama kadhaa vya kimataifa ulipendekeza mafunzo rasmi ya mishipa ya ubongo, ikiwezekana yasiyopungua mwaka 1, katika hospitali yenye wagonjwa wengi. Uingereza nayo, iliyobanwa na uhaba wa wataalamu, iliandaa mafunzo mahususi ya tiba ya kiharusi yanayompokea hata bingwa aliyetoka fani nyingine, bila kumtaka asomee upya fani nzima ya mishipa ya ubongo. Mimi naunga mkono njia hiyo kwa dhati. Kozi ya wikendi haitoshi kabisa, na kusubiri hadi nchi ipate wataalamu wa kutosha wa mishipa ya ubongo ni kuwaacha wagonjwa wapooze wakati mabingwa wanaofundishika wapo.

Kwetu msingi umeshawekwa. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kilianzisha shahada ya uzamili ya tiba radiolojia mwaka 2019 kwa ushirikiano na walimu kutoka Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, na wahitimu wa kwanza walimaliza mwaka 2021. Ushauri wangu ni kwamba uanze na shahada hiyo, ujenge mikono yako kwenye ini, figo na kizazi, kisha utafute mwaka mzima wa mishipa ya ubongo. Kabla ya kuondoka, hakikisha hospitali yako itakuwa na mashine ya angiografia (ya kupiga picha za mishipa ya damu), daktari wa usingizi na wauguzi wa zamu ya usiku, kwa sababu bingwa anayerudi mahali pasipo na timu hupoteza ujuzi wake haraka.

SWALI: Baba yangu alipooza upande mmoja usiku. Je, mabingwa hawa wangekuwapo, angepona? – Msomaji, Tanga

JIBU: Pole sana, ndugu yangu. Isingewezekana kujua bila picha ya CT-Scan, kwa kuwa kiharusi cha kuvuja damu hakitibiwi kwa njia hii, na hata kile cha kuziba hutibiwa hivyo tu ikiwa mshipa ulioziba ni mkubwa. Dawa ya kuyeyusha bonge hutolewa kwa kawaida ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Kulitoa kwa mrija hufanyika hasa ndani ya saa 6, ingawa majaribio ya mwaka 2018 yalionyesha kwamba baadhi ya wagonjwa waliochaguliwa kwa picha hufaidika hadi saa 24. Ikitokea tena nyumbani kwenu, mpelekeni mgonjwa moja kwa moja kwenye hospitali yenye CT-Scan, msimpe aspirini kabla ya picha, na mwambieni daktari saa ya mwisho alipoonekana akiwa mzima.